Wino wa Kidole

Mwezi Machi 2022 wahudumu wa afya walipita mtaani kwetu Mbeya nyumba kwa nyumba. Walikuwa wawili, mmoja kaning'iniza kisanduku cha baridi begani, mwingine kashika daftari. Mwezi mmoja kabla yake Malawi ilikuwa imetangaza kuwa mtoto mmoja wa Lilongwe amepatwa na polio, na Malawi kwetu si ng'ambo: ukipanda basi la Kyela alfajiri, unafika mpakani jua halijawa kali. Ndiyo sababu mikoa minne ya upande huu, Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, ilitangulia kupewa matone. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi saba. Akabanwa mashavu, akadondoshewa matone mawili mdomoni, akakunja uso, kisha kidole chake cha mwisho kikapakwa wino. Mei wakarudi tena, safari hii nchi nzima. Akapewa tena, akapakwa tena.

Nimeanza na kidole hicho kwa sababu ndicho nilichokitegemea nilipofanya kosa ninalotaka kulieleza hapa.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko karibu na Mwanjelwa, natengeneza milango, vitanda na makabati ya vyombo. Wakati huo nilikuwa na miaka tisa ya kuitwa baba, na katika miaka hiyo tisa sikuwahi kushika kadi ya kliniki ya mtoto wangu hata mara moja. Kwa kipimo cha mtaani sikuwa baba mbaya. Kodi ya nyumba nililipa, unga haukukatika, binti yetu wa kwanza alikuwa shuleni na sare yake kamili. Lakini kliniki niliijua kama shughuli ya akina mama, asubuhi za khanga na mabenchi marefu, na kadi zenyewe zilikaa ndani ya mfuko wa nailoni kwenye sanduku la mke wangu. Nilijua kwamba watoto wanachomwa sindano. Ngapi, lini na za nini, sikujua, wala sikuona kwamba ni wajibu wangu kujua.

Jumatatu moja ya Mei, siku mbili kabla ya watu wa polio kupita kwa mara ya pili, mke wangu alimpeleka mtoto kwa chanjo ya miezi tisa. Akarudi saa tano bila mtoto kuchanjwa. Waliohitaji sindano ya surua siku hiyo walikuwa watoto watatu tu, akaambiwa arudi Alhamisi watakapokuwa wengi. Jumatano matone ya polio yakapita mlangoni. Alhamisi mtoto akaamka na mafua, kamasi zinamchuruzika hadi mdomoni. Baridi ya Mbeya ilikuwa imeanza, ile ya kuamka ukaona pumzi yako. Mke wangu alikuwa ameshambeba mgongoni, kadi mkononi, akaniomba nauli ya bajaji.

Nilimjibu maneno ambayo nayakumbuka yote. "Mama watoto, mtoto ana mafua na nje unaona kulivyo. Halafu jana tu kachanjwa hapa mlangoni, wino huu hapa. Mwache apumzike."

"Ile ya jana ni ya polio, baba."

"Chanjo ni chanjo."

Akanitazama kidogo, kisha akafungua khanga, akamshusha mtoto.

Sikumpiga, sikumfokea. Nilisema neno moja tu, na kwa sababu nilikuwa mwenye nauli, neno hilo likawa ndilo. Wiki iliyofuata alikuwa na zamu ya kupokea viazi sokoni. Iliyofuata tena kulikuwa na msiba kwao Tukuyu. Agosti mtoto akaanza kutembea, na mtoto akishatembea hakuna anayemuuliza mama yake habari za kliniki.

Novemba surua ikaingia ndani mwetu.

Hatukuitambua. Ilianza kama yale mafua ya Mei: homa, kikohozi, kamasi. Lakini macho yalikuwa mekundu, yanatoa machozi, na mtoto alikuwa hataki mwanga. Ukifungua mlango anaficha uso kwenye kifua cha mama yake. Siku ya nne vipele vikatokea nyuma ya masikio, vikashuka usoni, shingoni, kifuani, mpaka mwili wote ukawa kama umeungua. Mzee mmoja jirani yetu, mwanamke aliyelea wajukuu wengi na ninayemheshimu mpaka leo, akaja kutuangalia. Akasema ni surua, na akatusihi tusimpeleke kwenye sindano. Surua ikichomwa sindano, alisema, inarudi ndani. Iacheni itoke yote.

Tulikaa na ushauri huo siku mbili. Usiku wa pili pumzi ya mtoto ikawa fupi, mbavu zikawa zinaingia ndani kila anapovuta hewa, na mdomo ulikuwa na vidonda hata ziwa likamshinda. Saa tisa usiku nilikimbia barabarani kutafuta bajaji.

Nesi aliyetupokea hospitalini aliuliza swali la kwanza kabla hata hajamvua mtoto nguo: "Kadi iko wapi?" Mke wangu akaitoa kwenye mfuko wa nailoni na kunipa mimi nimpe nesi, kwa sababu mikono yake ilikuwa na mtoto. Hivyo ndivyo nilivyoishika kwa mara ya kwanza. Nesi akapitisha kidole kwenye mistari, akafika mahali, akasimama. "Ya miezi tisa hamkuja." Hakuuliza kwa nini. Mke wangu akanyamaza. Alikuwa na kila haki ya kusema "muulize huyu", na hakusema.

Mtoto alikuwa na nimonia, ambayo surua huja nayo mara nyingi kwa sababu inauangusha ulinzi wa mwili mzima. Akawekwa chumba cha peke yake, akapewa hewa, akapewa dawa, na matone ya vitamini A siku hiyo na siku ya pili yake. Nilisikia wakielezana kwamba surua huunyang'anya mwili vitamini hiyo, na mtoto akiikosa wakati wa surua macho yake yako hatarini. Baada ya siku tisa tukarudi nyumbani. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa miezi sita, lakini mzima.

Ningeweza kuishia hapo, niseme Mungu ametenda. Na kweli ametenda. Lakini uwanja wetu ni wa wapangaji wanne, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo, na mlango unaotazamana na wetu ni wa mama mmoja anayeuza mitumba, ambaye wakati huo alikuwa na binti wa miezi saba. Kabla hatujajua kuwa ni surua, yule binti alikuwa akilazwa kwenye mkeka mmoja na mwanangu. Nilikuja kujua baadaye kwamba mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku kama nne kabla vipele havijatokea, na kwamba hewa aliyoikohoa inaweza kubaki na vimelea ndani ya chumba hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Tulipotoka hospitalini tulimkuta binti wa jirani na homa. Hakuwa na kosa la kadi. Kadi yake ilikuwa sawasawa, kila sindano kwa tarehe yake. Ya surua ilikuwa bado haijafika.

Alipona. Jicho lake la kulia halikupona. Kidonda kilitoka kwenye kioo cha jicho, kikaacha kovu jeupe, na kwa jicho hilo haoni.

Hili ndilo lililonigeuza. Ugonjwa wa mwanangu uliniogopesha, na mtu aliyeogopa husahau hofu ikipita. Lakini yule binti namwona kila siku.

Januari 2023 nilifunga karakana siku moja, nikamchukua mtoto na kadi, nikaenda kliniki mwenyewe. Nilikuwa mwanamume pekee kwenye mabenchi yote. Mama mmoja akanisogezea nafasi bila kusema kitu. Muuguzi wa zamu alikuwa mtu mzima, anayekaribia kustaafu kwa jinsi alivyosema. Akapokea kadi, akaniangalia. "Baba, mama yuko wapi?"

"Yuko sokoni. Nimekuja mimi. Nataka unifundishe kusoma hii."

Akaniambia nisubiri foleni iishe. Ilipoisha akavuta kiti, akaiweka kadi katikati yetu, na kwa muda wa nusu saa alinifundisha jambo ambalo naamini kila baba angepaswa kufundishwa siku anayoandikisha jina la mtoto.

Alianza na siku ya kuzaliwa. Sindano ya BCG begani, ya kumkinga mtoto mchanga na kifua kikuu kibaya zaidi, kile kinachopanda hadi kwenye ubongo, na matone ya kwanza ya polio. Baada ya wiki kadhaa hutoka kipele begani, kinakuwa kidonda kidogo, kinakauka chenyewe na kuacha kovu. Wazazi wengine hukipaka dawa, wengine hukiminya. Kisiguswe, alisema. Hiyo ni kazi ya chanjo yenyewe.

Kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hapa ndipo mapaja ya mtoto hupata taabu. Paja moja huchomwa Penta, ambayo ndani yake zimo kinga za magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria anayeitwa Hib, anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Paja la pili huchomwa chanjo ya nimonia. Mdomoni huingia matone ya polio na, katika ratiba aliyonionyesha, chanjo ya kuharisha iitwayo Rota kwenye wiki ya 6 na ya 10. Wiki ya 14 huongezwa sindano ya polio. Nilimuuliza kwa nini mtoto wa wiki sita, ambaye shingo bado haijakaza, asisubiriwe akue kwanza. Akaniuliza kama nimewahi kuona kichanga mwenye kifaduro. Sijawahi. "Hakohoi kama wewe," akasema. "Anasahau kupumua." Kifaduro humwonea zaidi mtoto wa miezi ya mwanzo, kwa hiyo ukisubiri akue, umemwacha peke yake wakati ule ule unaomtisha zaidi.

Na kwa nini mara tatu? Hili nililielewa kabla hajamaliza kulieleza, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mlango mpya ukiupaka vanishi mkono wa kwanza, mbao inainywa yote. Ukija kesho utadhani hujafanya kitu. Unapiga msasa kidogo, unapaka mkono wa pili, unaanza kuona ngozi. Mkono wa tatu ndio unaokataa maji. Na lazima kila mkono upewe muda wa kukauka. Ukipaka yote kwa siku moja ili umalize kazi ya mteja, itabanduka. Mwili wa mtoto nao, kwa maelezo yake, unajifunza adui kidogo kidogo, na kati ya somo na somo unahitaji si chini ya wiki nne. Nikamuuliza swali la fundi: nikichelewa kati ya mkono wa pili na wa tatu, nauvua mlango nianze upya? Akacheka kwa furaha. La. Unaendelea ulipoishia. Mtoto aliyepata Penta mbili akapotea miezi mitatu hapewi tena ya kwanza, anapewa ya tatu. Alisema kuna akina mama hawarudi kliniki kwa sababu wanaona aibu kuwa wamechelewa, au wanadhani kila kitu kimeharibika, wakati kilichobaki ni sindano moja.

Tukafika miezi tisa. Nilitaka kujua jambo moja tu, nikaliuliza huku nikimfikiria binti wa jirani. Kama surua ni mbaya hivi, kwa nini mtoto asichomwe akiwa na wiki sita pamoja na hizo nyingine?

Alinieleza kwamba mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, zilizopita kwenye kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Hizo humlinda miezi ya mwanzo na kupungua polepole. Chanjo ya surua imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na ukimchoma mapema mno, kingamwili za mama zitakiua kirusi hicho kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Nikaona mbao za mipaini zinazoletwa mbichi kutoka Sao Hill. Mteja ana haraka, unapaka vanishi juu ya mbao yenye maji, na rangi haishiki. Si kwamba vanishi ni mbovu. Mbao bado inatoa maji yake. Inabidi usubiri ikauke, lakini usiiache juani mpaka ipasuke. Miezi tisa ndiyo pale ambapo kinga ya mama imekwisha kupungua kiasi cha kutosha na hatari haijasubiri sana.

Basi kuna kipindi katika maisha ya kila mtoto, pengine kuanzia mwezi wa tano au wa sita hadi wa tisa, ambapo kinga ya mama imemtoka na ya sindano haijaingia. Hakuna ratiba inayoweza kukifuta kipindi hicho. Kinachoweza kumlinda mtoto wakati huo ni watoto wakubwa walio karibu naye, wale wa mwaka mmoja, mwaka na nusu, miaka miwili, wawe wamechanjwa, ili surua isipate mlango wa kuingilia uwanjani. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ndiyo maana inatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe na kinga. Mwanangu alikuwa ndiye mlango wa uwanja wetu, na mimi ndiye niliyeuacha wazi.

Sikumwambia muuguzi hayo. Nilishindwa kusema kwa muda, naye akaendelea kusoma kadi kana kwamba hajaona.

Sindano ya pili ya surua ni ya miezi 18. Hii, alisema, ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Katika watoto 100 wanaochomwa wakiwa na miezi tisa, kama 85 hushika kinga. Waliobaki wamechomwa, wamelia, kadi imejazwa, lakini mwili haukushika, na hakuna anayeweza kuwatambua kwa macho. Sindano ya miezi 18 inarudi kuwachukua hao. Mzazi anayesema "mtoto wangu alishachomwa ya surua" anasema kweli, na bado anaweza kuwa analala na mtoto asiye na kinga.

Akamchoma mwanangu siku ile ile. Nilishangaa, kwa kuwa surua alikwisha kuugua, lakini kichupa kile kina chanjo mbili, ya surua na ya rubela, tangu 2014. Rubela kwa mtoto ni vipele vya siku chache. Kwa mama mjamzito aliyeambukizwa na mtoto huyo, inaweza kuwa kichanga kinachozaliwa na mtoto wa jicho, uziwi au moyo wenye kasoro. Februari tulirudi kwa ya pili. Mafua alikuwa nayo siku hiyo. Nikayataja mwenyewe, nikitaka kusikia kwa masikio yangu, na muuguzi akanijibu huku akipangusa ngozi ya mtoto kwa pamba: mafua, kikohozi cha kawaida, hata joto dogo, havizuii chanjo. Anayeahirishwa ni mtoto mgonjwa sana, wa kulazwa. Na ule wino? Ule ni alama ya matone ya polio ya kampeni, ili mtoto asihesabiwe mara mbili. Matone hayo ni ya nyongeza. Hayaingii mahali pa sindano yoyote iliyoandikwa kwenye kadi.

Jioni ya siku ya kwanza niliyotoka kliniki nilivuka uwanja, nikagonga kwa mama wa mitumba. Nilimweleza yote: nauli niliyokatalia, mafua, wino. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alikuwa akikunja nguo, akaendelea kukunja mpaka rundo likaisha. Kisha akaingia ndani, akatoka na kadi ya binti yake, akaniwekea mapajani. "Na hii nisomee," akasema. "Mimi huwa wananiambia tarehe tu."

Ndivyo nilivyoanza kusoma kadi za uwanjani kwetu, halafu za nyumba ya pili, halafu wateja wa karakana wakawa wanakuja na maswali. Mimi si daktari, na sijifanyi daktari. Nawasomea tarehe, nawaambia ni za nini, na linalonishinda nampeleka mtu kliniki. Linaloulizwa zaidi ni homa ya usiku baada ya sindano. Paja linaweza kuvimba kidogo, mtoto akapata joto siku moja au mbili. Anyonye, apewe dawa ya kushusha homa kwa kipimo alichoelekezwa mama, na paja lisikandwe wala kupakwa kitu. Joto likizidi siku mbili au mtoto akilegea, arudi kituoni. Mzee wetu yule aliyesema surua iachwe itoke naye tulizungumza, taratibu, kwa heshima yake. Alinionyesha kovu kubwa begani, la chanjo ya ndui aliyochanjwa akiwa msichana. Nikamuuliza wajukuu zake wana kovu hilo? Hawana, akasema, siku hizi ndui haipo. Tukakaa kimya wote wawili. Ndui ilitokomezwa duniani kote, ikatangazwa hivyo mwaka 1980, na iliondolewa kwa makovu kama lake. Safari iliyofuata alimsindikiza mjukuu wake kliniki mwenyewe.

Aprili 2024 binti yetu wa kwanza alichanjwa shuleni, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo mwaka huo ilitolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Maneno yalikuwa mengi mtaani kwamba inaharibu uzazi. Haiharibu. Inakinga kirusi ambacho miaka mingi baadaye ndicho kinacholeta saratani hiyo. Mke wangu akaniuliza ninasemaje. Nikamwambia safari hii nasema baada ya kuuliza, na nilikuwa nimeuliza.

Kuna jambo la mwisho kwenye ile nusu saa ya kliniki ambalo lilinichoma kwa namna nyingine. Nilimuuliza muuguzi kwa nini mke wangu alirudishwa Jumatatu ile. Akanyanyuka, akanionyesha kichupa. Chanjo ya surua-rubela huja ikiwa unga, inachanganywa na maji yake wakati wa kutumika, na kichupa kimoja ni cha watoto kumi. Ikishachanganywa hudumu saa sita tu, na hapo iwe imetunzwa kwenye baridi. Kinachobaki kinatupwa. Kwa hiyo muuguzi mwenye watoto watatu anajiuliza: nifungue, nitupe vipimo saba, au niwaambie warudi? Mimi nasema afungue. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kichupa kifunguliwe hata akiwepo mtoto mmoja. Vipimo saba vinaweza kuletwa tena. Mama aliyetoka alfajiri na mtoto mgongoni, akarudishwa, pengine hatapewa nauli ya pili. Lakini nilielewa pia uzito alionao mtu anayehesabu vichupa mwisho wa mwezi, na nikaona kwamba sisi wa mtaani tunaweza kumpunguzia.

Oktoba 2023 tulipata mtoto wa tatu. Aprili 2025 alitimiza miezi 18, na siku yake ya kurudi ilikuwa Jumatatu. Jumapili jioni nilizunguka na kadi mkononi. Nilianza na uwanja wetu, nikapita kwa fundi cherehani, kwa mama lishe wa kona, kwa dereva wa bajaji ambaye mkewe alikuwa kasafiri. Nilikuwa najua tarehe zao kwa sababu kadi zao nilikuwa nimezisoma. Asubuhi tulitoka watu wanane wenye watoto, baba watatu kati yetu, na dereva akatubeba kwa zamu mbili bila kudai kitu. Binti wa jirani, wakati huo wa miaka mitatu, alitaka kuja naye. Huwa anashinda karakanani kwangu akiokota maranda, na akitaka kukuona anageuza kichwa kizima ili jicho la kushoto likufikie. Alikaa mapajani pangu kwenye benchi, kashika kadi ya mwanangu, anaigeuza huku na huku.

Muuguzi alikuwa mwingine safari hii, kijana. Akatoka mlangoni, akahesabu wa miezi tisa na wa miezi 18 kwa kidole. "Nane," akasema, na kabla hajaongeza neno, wakaingia mama wawili kutoka mtaa wa juu, watoto mgongoni. Akarudi ndani. Kupitia dirishani nilimwona akifungua kisanduku cha baridi, akatoa kichupa, akakiinua kwenye mwanga kukitazama alama yake, kisha akavuta maji kwenye bomba la sindano na kuanza kuchanganya.